Barua ya wazi kwa viongozi wa Dar es Salaam: Nyumba zetu zina namba, sisi hatujuani majina

Waheshimiwa Mkuu wa Mkoa, wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri zetu tano, maafisa mipango miji, wenyeviti na watendaji wa mitaa,

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za kazi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimezaliwa Ilala, nikalelewa Ilala, na tangu 2010 naishi pembezoni mwa jiji, katika mtaa ambao sitautaja jina. Sioni haja ya kuutaja, kwa sababu nitakayoyasema ya kwetu yako pia Goba, Madale, Salasala, Kinyerezi, Kibada na Chanika, na mwenye kuishi huko atajua ninasema nini.

Nawaandikia kwa sababu ya msiba ambao ulinipita nikiwa hatua ishirini kutoka kwenye turubai.

Ilikuwa Alhamisi, mwaka 2023. Nyumba ya pili kutoka kwangu likafungwa turubai, viti vya plastiki vikashushwa, spika zikawekwa. Usiku zikaimba kwaya mpaka saa nane. Nikajua wana sendofu. Usiku wa pili hivyo hivyo. Mimi nina presha, mjukuu wangu alikuwa na mtihani, uvumilivu ukaniisha. Nikampigia simu mwenyekiti wa mtaa kulalamikia makelele. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwani hujui kama pale wamefiwa?"

Aliyefariki alikuwa baba mwenye nyumba. Kwa miaka tisa tulikuwa tukipungiana mkono kupitia kioo cha gari lake. Jina lake nililijua siku ile, kwenye karatasi ya ratiba ya mazishi.

Nikajifunga khanga nikaenda. Wakina mama wa jumuiya ya kanisa lao wakanipokea kwa heshima kubwa, wakanipa kiti na soda. Nikakaa nimeishika ile soda, machozi yananitoka, nao wakadhani namlilia marehemu. Namlilia vipi mtu nisiyemjua? Nilikuwa najililia mwenyewe. Nilipokulia, jirani hapewi soda msibani. Anapewa kisu na sinia la vitunguu. Soda ni ya mgeni, na pale nilikuwa mgeni kweli.

Mjane wa marehemu ni mtu wa Rombo. Baadaye tulipozoeana nikamwambia yaliyonisibu, na jinsi nilivyoshangaa kuona siku zinapita na mtu hajazikwa. Kwetu akifa mtu asubuhi, alasiri keshasitiriwa. Akanieleza kuwa kwao maiti husubiri watoto walio mbali, kisha husafirishwa kwenda kulazwa kihambani, kwenye ardhi ya baba zake. Mtu hazikwi ugenini kama hana kosa. Halafu naye akaniambia lake. Mwaka 2021 nilipofiwa na mama yangu, wao waliona wanaume wenye kanzu wamejaa getini kwangu mchana, na kufika jioni pako kimya. Wakajua ni maulidi. Walipokuja kusikia kwamba ulikuwa msiba, wakasubiri taarifa ya kamati na ya michango, kama ilivyo kwao, ili wajue waje lini na walete nini. Taarifa haikuja. Kwetu msiba hauna taarifa ya namna hiyo. Ukisikia, umeitwa.

Kwa hiyo wao walisubiri taarifa, na mimi nilisubiri majirani. Miaka miwili nikawawekea kinyongo watu ambao walikuwa wakijiuliza kwa nini yule mwalimu hakututaka kwenye msiba wake.

Najua mtauliza hayo yanawahusu nini nyinyi. Mkoa una foleni, una mafuriko, una madarasa ya kujenga. Lakini naomba mnisikilize, maana nimefikiri sana jambo hili, na nimeona kuwa tabia za watu ni sehemu yake ndogo. Sehemu kubwa ni mji jinsi ulivyopangwa, au ulivyoachwa ujipange wenyewe, na hiyo ni kazi yenu.

Nyumba tuliyokulia Ilala ilikuwa ya Kiswahili kama zilivyo zote: vyumba sita, korido katikati, uani nyuma, baraza mbele. Chumba kimoja Mzaramo, cha pili Mnyamwezi, cha tatu Mngoni, na cha mwisho kwenye korido mzee wa Kimakonde aliyekuwa akilinda bohari. Wakoloni walikuwa wameugawa mji huu Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha Mnazi Mmoja uwe uwanja mtupu ili watu wasikaribiane. Lakini huku Uswahilini sisi wenyewe hatukugawana. Baraza ilitufanya tujuane hata tusipotaka. Huwezi kutoka nyumbani bila kupita mbele ya watu waliokaa, na huwezi kupita bila kusalimia.

Na utani wa makabila ulifanya kazi ambayo leo hakuna anayeifanya. Mnyamwezi akimtania Mzaramo msibani, akijilaza kwenye njia ya jeneza mpaka apewe chochote, ilikuwa inachekesha, lakini ndani yake mlikuwa na elimu. Huwezi kumtania mtu kwa mila yake kama huijui. Mtoto wa miaka kumi pale Ilala alikuwa anajua Wangoni wanazika vipi, Wapare wanasemwa nini na Wachaga, mwali wa Kizaramo anatolewa lini. Hakufundishwa shuleni. Nilifundisha miaka thelathini na mbili na sikuwahi kuyafundisha hayo, kwa sababu hayakuhitaji mwalimu.

Sasa tazameni huku tulikohamia. Sensa ya 2022 imetuhesabu watu 5,383,728 mkoa mzima, kutoka 4,364,541 ya mwaka 2012. Milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na wengi wametafuta ardhi huku pembezoni. Wachache walipata viwanja vilivyopimwa, kama vile vya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza miaka ya mwanzo ya 2000. Sisi wengine tulinunua mashamba ya mikorosho kwa wenyeji, ishirini kwa ishirini, mtu anapima kwa hatua zake. Tukajenga. Kabla ya nyumba kufika kwenye lenta, ukuta ulikuwa umeshasimama. Juu yake chupa zilizovunjwa, kisha nyaya, kisha geti la chuma, kisha mlinzi.

Hodi haipenyi geti la chuma. Ukigonga, anatoka mlinzi, anakuuliza una miadi na nani. Jirani mwenye bakuli la futari mkononi anaulizwa miadi!

Sitaki kuwasema vibaya wenye kuta, na mimi ninao. Mwaka 2022 magenge ya vijana wa Panya Road yalipotutia hofu kwa uporaji, nami niliongeza kozi mbili za tofali. Mtu anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni, anarudi saa tatu usiku, ana haki ya kulala kwa amani. Ila nimeona na jambo la pili. Mwizi akishavuka ukuta, ukuta unamficha yeye. Usiku mmoja mwaka ule nilisikia yowe, na sikujua linatoka nyumba gani. Ilala yowe lilikuwa na jina na mlango. Nikasimama dirishani, taa za nyumba zote zimewaka, na hakuna geti lililofunguka. Hata langu.

Wakati wa urasimishaji, yaani kupimwa na kupewa hati kwa makazi yaliyojengwa bila mpango, ndipo kwa mara ya kwanza wenye viwanja wa eneo letu tulikaa pamoja. Ilikuwa nafasi ya pekee. Wapimaji walikuja, mchoro ukabandikwa, tukaambiwa kila mmoja aachie kidogo ili barabara ipite. Nakumbuka sauti za mle ndani. Kila mtu alikuwa anatetea tofali lake. Hakuna aliyeuliza watoto watacheza wapi, wala wapi pa kufunga turubai. Barabara tulipata, nashukuru. Uwanja hatukupata hata wa kupigia danadana, kwa sababu kila hatua ya ardhi ilikuwa imeshauzwa, na hapakuwa na mkono wa serikali wa kusema hapa pabaki pa wote.

Kuna mzee mmoja mwenyeji, Mzaramo, ambaye nusu ya mtaa wetu ilikuwa shamba lake. Aliuza kipande kipande, kila tatizo na kipande chake: ugonjwa, ada, msiba. Sasa anaishi katika nyumba yake ya zamani, kuta zimemzunguka pande tatu. Makaburi ya wazazi wake yako ndani ya kiwanja cha mtu. Walipouziana walikubaliana kwa mdomo kuwa atakuwa anaingia kuwasomea dua. Aliyenunua akauza kwa mwingine, na huyo wa pili hakuambiwa lolote. Leo mzee wa miaka zaidi ya sabini anamwomba kijana wa getini ruhusa ya kwenda kwenye kaburi la mama yake, na akikuta kijana mpya, anaanza maelezo upya. Siku moja nilimkuta amesimama nje, kofia ameishika mkononi. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia bila kunitazama.

Mzee huyo huyo alipomtoa mjukuu wake mwali, ngoma ilipigwa usiku. Mmoja wetu, sijui nani na sitaki kujua, akapiga simu polisi. Ngoma ikavunjwa, akina mama wakatawanyika na mwali wao amepambwa. Asubuhi nilikwenda kumpa pole. Alisema tu, "Angekuja mwenyewe ningemwambia tunamaliza saa ngapi." Nikanyamaza. Miaka mitatu baadaye mimi nami nilipiga simu ya namna ile ile, na bado namkumbuka mzee yule kila nikifikiria kwaya ya wale wafiwa.

Siwaombi mlegeze sheria ya kelele. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ipo, na kuna baa zinazotunyima usingizi kila siku ya Mungu bila msiba wala mwali. Hizo zifuatwe. Ninachoomba ni kuwe na hatua ya kwanza kabla ya polisi. Mwenye shughuli au msiba apitishe taarifa kwa nyumba zinazomzunguka, ofisi ya mtaa imsaidie kuifikisha, iseme ni jambo gani na linakwisha saa ngapi. Na mwenye kukereka aanzie kwa mtaa, na mtaa umpeleke kwa jirani yake kwa miguu. Mwenyekiti wetu alipoulizwa kuhusu ngoma ile alisema hakuna aliyemwambia. Nami naamini alisema kweli.

Hapa nisemee ofisi zetu za mitaa. Mtu anakwenda pale anapotaka barua ya utambulisho: ya benki, ya kitambulisho cha taifa, ya kumdhamini ndugu aliyeshikwa. Anaulizwa mjumbe wake nani. Wengi wa huku hawajui. Mjumbe wa nyumba kumi alianza enzi za chama cha TANU, na zamani hizo alikuwa anajua nani kajifungua na nani kalala njaa. Baada ya vyama vingi mwaka 1992 amebaki wa chama, na haya hayana ubaya, lakini chini ya mtaa serikali haina mtu tena. Mwenyekiti mmoja ana maelfu ya watu. Anawekaje saini kwamba ananifahamu? Analazimika kuniamini kwa sura. Barua inaitwa ya utambulisho, na anayetambulisha hamtambui anayetambulishwa.

Mwaka 2022 mlitufanyia kazi kubwa ya anwani za makazi. Sasa nyumba yangu ina namba, barabara ina kibao, bodaboda ananifikia bila kupiga simu tatu. Nawapongeza kwa dhati. Wale vijana waliozunguka geti kwa geti kuandika namba walifanya jambo ambalo sisi wenyewe hatujawahi kulifanya: walibisha hodi kila nyumba. Nikawa nafikiri, wangeambatana na jirani mmoja tu kila barabara, tungekuwa tumejuana sote kwa wiki mbili.

Mwaka huo huo, Oktoba na Novemba, mto Ruvu ulipopungua maji, ukaja mgao. Kijana mmoja wa Mwanza, mwenye kisima, akafungua geti lake na kutoa mpira nje. Hakuuza, aliweka foleni. Nilijua majina ya nyumba kumi na moja katika foleni ile. Nilijua kwamba yule mama wa Kihaya niliyemdhania ana majivuno ana tatizo la masikio, ndiyo maana haitikii salamu ukiwa nyuma yake. Nilijua Mhindi wa nyumba ya kona kazaliwa Tanga kama alivyozaliwa mama yangu, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wajukuu zangu. Kutoka kwa yule marehemu alikuja dada wa kazi, siyo mwenye nyumba, ndiyo maana dada nilimjua jina na bosi wake sikumjua. Maji yaliporudi mpira ukaingizwa ndani, geti likafungwa. Hakuna aliyefanya kosa. Haja ya kukutana iliisha, na mahali pa kukutana hapakuwepo tena.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni mahali. Wakurugenzi na maafisa mipango miji, kabla ya kusaini mchoro wowote wa urasimishaji uliobaki, hakikisheni una sehemu ya wote, hata iwe ndogo, yenye hati kwa jina la mtaa, isiyoweza kuuzwa wala kugeuzwa gereji. Palipokwisha jaa, nunueni. Na sisi tutachanga. Watu wa Dar es Salaam tunachangia harusi za watu tusiowajua. Kadi ya kwanza niliyowahi kupokea kutoka kwa jirani ilikuwa ya mchango wa harusi, na iliniuma kuwa imetangulia salamu, lakini nilichanga. Tutashindwaje kuchangia uwanja? Njia za miguu za wenyeji zionekane kwenye mchoro kabla hazijazibwa, na makaburi yaandikwe kwenye hati ya mwenye kiwanja pamoja na haki ya wafiwa kuingia, ili asije mzee mwingine akaomba ruhusa kwa mlinzi.

Mnapotoa kibali cha fensi, ruhusuni na hata shawishini mtu ajenge baraza ya tofali upande wa nje wa ukuta, chini ya kivuli. Najua mtasema itakuwa kijiwe cha wahuni. Kijiwe huwa cha wahuni wazee wanapokiacha. Mimi nitakaa kwangu kila jioni baada ya alasiri, na namjua mjane wa Rombo atakuja na kufuma kwake.

Wenyeviti, mikutano ya mtaa isiwe ya mapato na matumizi peke yake, wala saa nne asubuhi siku ya kazi wakati waliopo ni wastaafu kama mimi na vijana wasio na ajira. Jumapili saa kumi jioni watu wapo. Aliyehamia asimamishwe aseme jina na alikotoka. Ni dakika mbili. Na daftari la wakazi msiandike tu, tembeeni nalo, na aliyehamia jana mpelekeni kwa nyumba ya kulia na ya kushoto.

Watoto nimewaweka mwisho, ingawa ndio wanaoniuma zaidi. Tunawaita watoto wa geti kali, tunacheka. Basi la shule linawachukua gizani na kuwarudisha gizani. Mjukuu wangu ana miaka tisa, ametenganishwa na binti wa marehemu kwa ukuta mmoja na nusu. Wamejuana msibani. Sasa wanaongea kwa kupanda juu ya matangi ya maji, huyu huku na huyu kule, wanarushiana mpira wa rede juu ya chupa zilizovunjwa. Nimeshamwita fundi kuondoa zile chupa za upande ule. Mjane ameondoa za kwake.

Kwetu kumebaki kipande kimoja. Kina mwembe mkubwa, ni cha yule mzee, ndicho cha mwisho alicho nacho nje ya nyumba yake. Madalali wanamzunguka. Ameniambia kwamba halmashauri ikimpa bei ya haki, ataiuzia halmashauri kwanza kuliko mtu binafsi, kwa sharti mwembe usikatwe na ngoma ya mjukuu wake wa mwisho ipigwe pale. Hana muda mrefu wa kungoja, ana deni la hospitali.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, siku ya usafi, tutakuwa tunafyeka chini ya mwembe huo kuanzia saa moja asubuhi. Mwenyekiti wa mtaa anayeniandikia barua za utambulisho anapajua, na atawaonyesha njia. Naomba mje na mpimaji.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu, mkazi wa Dar es Salaam